Vidole Viwili vya Asidi

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Masomo yameanza, mvua imeanza, na bati la maabara limeanza kuvuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza ya pili. Nilimwambia prefe, mkuu wetu wa shule, tangu mwezi wa sita. Akasema, "Maman Bibiane, andika barua." Niliandika. Leo nimemuuliza barua iko wapi, akasema niandike nyingine. Nimeamua kuandika daftari hili badala yake. Daftari angalau halinijibu upuuzi.

Vitu nilivyonavyo vya kufundishia kemia darasa la sita la sekondari, mwaka wao wa mtihani wa taifa: bureti moja, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama na kibomba chini. Kabla ya vita ya kwanza, ile ya 1996, zilikuwa kumi na mbili. Pipeti mbili za kufyonzea, moja imemeguka mdomo. Mizani hakuna, waporaji walioibeba sijui walidhani inapima nini. Alkoholi ya maabara waliinywa, na sikusikia kwamba kuna aliyekufa. Wanafunzi thelathini na wanane.

Papa Zagabe, mlinzi wa maabara tangu mwaka wa 1973, alinifungulia kabati yake kama mtu anayefungua tabernakulo. "Angalia, maman. Hakuna kilichopunguka." Kweli, chupa kubwa ya asidi sulfuriki, imeandikwa 1 N, kipimo cha nguvu yake, kwa mwandiko wa Mbelgiji aliyeondoka zamani, imejaa mpaka shingoni. Nikamsifu. Mtu mmoja tu katika shule hii anafanya kazi yake.

Jumatano, 15 Septemba

Mvua. Hakuna umeme. Hakuna chaki.

Jumanne, 5 Oktoba

Fenolftaleini imekwisha. Ndiyo rangi inayokuwa waridi ndani ya soda kostiki na kupotea asidi inapoishinda soda. Bila hiyo hakuna titraji, yaani kupima nguvu ya asidi na soda tone kwa tone, maana macho hayaoni soda imekwisha lini. Nikakumbuka kwamba vile vidonge vya zamani vya kulainisha tumbo vimetengenezwa kwa fenolftaleini hiyo hiyo. Nimezunguka farmasi nne za Ibanda chini ya mvua. Ya nne walikuwa navyo. Kijana wa farmasi akaniangalia kwa huruma.

"Siku ngapi sasa, maman?"

"Si vyangu. Ni vya wanafunzi thelathini na wanane."

Akanipa pakiti zote, akarudi nyuma hatua moja.

Alhamisi, 14 Oktoba

Siku ya titraji. Ee Mungu, nipe subira, kwa sababu nguvu nikipewa nitapiga mtu.

Kazi ni rahisi mno. Nilitengeneza soda ya 0,1 N kwa mkono wangu, kutoka kwenye kopo ambalo halijawahi kufunguliwa, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Asidi ya kabati niliichanganya na maji mara kumi. Kila kundi lichukue mililita kumi za soda, litie matone mawili ya vidonge vyangu, kisha lidondoshe asidi kutoka kwenye bureti mpaka waridi ipotee. Lisome alama. Lipige hesabu. Lisiniambie kilichoandikwa kwenye chupa, liniambie kilichomo ndani yake.

Makundi tisa yote yameandika 10,0. Tisa! Bureti moja, mikono ya watoto waliolala njaa, bati linadondosha maji juu ya karatasi, na wote wanaangukia 10,0 kamili. Nikamwuliza mmoja alivyoipata. "Madame, si chupa inasema 1 N? Kisha mulichanganya mara kumi. Basi ni lazima ikuwe kumi." Kwa hiyo alianza na jibu, akarudi nyuma kutafuta swali. Nilipiga kelele mpaka prefe akachungulia dirishani.

Kundi la kumi ni Aurore peke yake, kwa sababu hakuna anayetaka kufanya kazi naye, anabishana sana. Yeye ameandika 6,3 na hesabu yake inasema asidi ni 0,16. Angalau hakunakili. Lakini kukosea kiasi hicho! Nimempa nne juu ya kumi na kuandika pembeni: "Uzembe wa kusoma bureti."

Ijumaa, 15 Oktoba

Aurore amekuja kubisha. Nimemwambia akae.

Jumamosi, 23 Oktoba

Maman Georgette amekuja na bidoni, dumu la plastiki. Huyu ni jirani wa parsela ya pili, kiwanja cha pili kutoka kwangu, mjane kutoka Sange, alikimbilia hapa mwaka jana barabara ya Uvira ilipokuwa inawaka vita. Anapika sabuni ya mawese na soda kostiki uani, na kwa sabuni hiyo analisha binti yake na wajukuu watatu. Si mtu wa maneno mengi. Watu wa avenue, mtaa wetu, wanasema anajivuna. Mimi nasema amechoka.

"Mwalimu," akaniambia, "hii soda banatuuzishia mu bidoni, imesha kuchanganywa na maji. Siku moja iko kali, siku ingine iko maji tu. Sabuni ya mwisho ilibakia mulaini, hata mutoto anaweza kuikamua. Weye njo mutu wa masomo. Unipimie."

Nikamwuliza yeye huwa anapima vipi. Akachovya kijiti ndani ya bidoni, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua maji. "Hii iko kali," akasema. "Lakini siamini tena ulimi yangu, ilinidanganya ile mara ingine."

Nikacheka. Naandika hapa kwamba nilicheka. Nikamwambia ulimi si chombo cha maabara. Tukaenda shuleni, Papa Zagabe akatufungulia, nikafanya titraji mbele yake kwa asidi ya 1 N, vizuri kabisa, mara mbili, tone kwa tone. Soda yake imetoka 4 N. Dhaifu, maana ya sabuni inatakiwa ikaribie 6,5.

"Pale unapotia kopo tatu," nikamwambia, "tia tano."

"Tano?" Akaangalia bidoni. "Ulimi yangu inakatala."

"Maman Georgette, mimi nimesoma kitu hiki miaka minne. Tano."

Akasema ndiyo, mwalimu. Akanishukuru kwa mikono miwili. Nilirudi nyumbani na furaha. Hatimaye mtu mmoja mjini amenisikiliza.

Alhamisi, 28 Oktoba

Risasi upande wa milimani usiku kucha. Asubuhi, mvua. Wanafunzi kumi na mmoja tu.

Jumatano, 3 Novemba

Bintu, mke wa fundi viatu wa kwenye kona, amekuja na mtoto wake wa miaka miwili. Viganja vyekundu, ngozi imeanza kutoka, na juu ya kichwa ambapo alimwoshea nywele kuna baka linalotoa maji. Watu wa nyumba mbili nyingine wana mikono hivyo hivyo. Wote wamenunua sabuni ya Georgette.

Nilikasirika vibaya. Nilimwambia kopo tano, ametia ngapi? Saba? Kumi? Hivi ndivyo ilivyo na watu: unawapa namba, wanaiongezea roho yao. Nimemfunga mtoto bendeji, nimemwambia Bintu amwoshe kwa maji matupu, mengi, kila saa.

Ijumaa, 5 Novemba

Sasa wanasema ni karuho. Sumu. Kila mtu hapa akiugua siku hizi ni karuho, na karuho lazima iwe na mwenyewe, na mwenyewe lazima awe mgeni. Nimewasikia bombani. "Alitoka wapi huyu maman? Nani anamujua? Juu ya nini sabuni yake inakula batoto ba bengine na bajukuu bake hapana?"

Wajukuu wake hawakuchomwa kwa sababu Georgette haoshi watoto kwa sabuni ya kuuza. Anaiuza yote. Nilitaka kusema hivyo. Ndoo yangu ikajaa, nikaondoka.

Jumatatu, 8 Novemba

Papa Modeste, chefu anayeongoza avenue yetu, ameitisha mkutano Jumamosi. Georgette aeleze mbele ya watu, au ahame. Ahame aende wapi? Barabara ya Sange kila juma kuna gari lililochomwa. Nimemwuliza Papa Modeste swali hilo. Akasema, "Mwalimu, miye mwenyewe siamini hii mambo ya sumu. Lakini bijana beko na hasira, na kama sisemi kitu, watafanya benyewe." Naye ni mtu mwenye akili. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jioni Georgette akanifuata mlangoni. Hakuingia.

"Mwalimu, nilitia tano. Hata nusu sikuongeza. Nilihesabu mbele ya binti yangu."

Nikamwambia labda kopo lilikuwa kubwa. Akageuka, akarudi kwake.

Jumanne, 9 Novemba

Lazima niandike siku hii yote, polepole.

Aurore alirudi na karatasi yake ya nne juu ya kumi, kwa sababu alama zinaingia kwenye buleteni, ripoti ya muhula. Nilikuwa sina moyo wa kubishana. Nikasema, haya, tukamalize. Nitakuonyesha unavyosoma vibaya, kisha utaniacha nipumue. Nikachukua soda yangu ile ile, nikachanganya asidi ya kabati mara kumi, nikafungua bureti.

Waridi ikapotea kwenye 6,3.

Nikasafisha kila kitu, nikarudia. 6,2. Nikarudia. 6,3. Aurore aliandika namba zote tatu chini ya yake. Angebisha ningeweza kumfukuza. Nikachukua karatasi yake, nikafuta nne, nikaandika kumi, nikafuta pia lile neno la uzembe. Akasema asante madame, akatoka taratibu.

Nikamwita Papa Zagabe. Nikaweka chupa mezani katikati yetu.

"Papa Zagabe, uliongeza nini humu? Maji?"

"Maji!" Aliudhika kabisa. "Maman, maji si inaharibisha asidi? Miaka yote hii sijui kazi? Niliongeza asidi."

"Asidi gani?"

"Ya batri. Ya kamiyo, gari kubwa. Nilipata kwa fundi mumoja, safi, nilichuja na kitambaa. Kidogo tu." Akalaza vidole viwili chini ya shingo ya chupa. "Iko asidi sulfuriki, ao hapana? Uliyetufundisha njo weye."

Ni asidi sulfuriki. Ila ya batri ina nguvu karibu mara kumi. Vidole viwili tu, na chupa yote ikapanda kutoka 1 mpaka 1,6.

Nilimfokea. Nikamwuliza kwa nini, kwa nini, kwa nini. Yule mzee akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi na kunijibu bila kuinua sauti. Mwaka wa 1996 walipoingia wenye silaha wakakuta chupa nusu, walisema ameuza nyingine kwa adui. Walimpiga na kitako cha bunduki mpaka sikio la kushoto likafa. Tangu siku ile, kila kabla ya mwezi wa tisa, kabla ya watu kuhesabu vitu, anajaza kila chupa. "Hata kama ni lazima niikamue kutoka kwa gari, maman. Chupa isionekane imepunguka."

Mwezi wa tisa nilimsifu kwa hilo. Na mimi, mwalimu wa titraji, niliyewapigia kelele watoto wa makundi tisa kwa kusoma chupa badala ya kuipima, nilisoma chupa. Asidi ilikuwa kali kuliko jina lake, kwa hiyo ilihitajika kidogo kuimaliza soda ya Georgette, kwa hiyo nikaona soda ni dhaifu. Haikuwa 4 N. Ilikuwa 6,4. Kopo zake tatu zilikuwa sawasawa. Ulimi wake ulikuwa sawasawa. Namba iliyomchoma mtoto wa Bintu ni yangu.

Nimeiandika hapo juu ili nisije nikaikana.

Jumatano, 10 Novemba

Sikusema leo. Sababu ninazo, zimejipanga zenyewe tangu asubuhi. Soda si kipimo cha kuaminika kabisa, hunyonya unyevu hata ndani ya kopo. Lazima nipate uhakika kwa njia nyingine. Na Papa Zagabe atafukuzwa, na miaka yake ishirini na sita. Na wazazi watasema mwalimu wa watoto wao anachoma watoto. Na prefe ataniambia niandike barua.

Zote ni za kweli. Naona aibu jinsi nilivyozipata haraka.

Alhamisi, 11 Novemba

Saa tisa mchana nilikuwa nasahihisha nyumbani. Nikasikia kelele bombani, nikasikia sauti ya kitu kigumu, nikasikia ndoo inabingirika mpaka mferejini. Sikuinuka mara moja. Nilimaliza kusahihisha karatasi niliyoishika. Siwezi kueleza kwa nini, ila nilimaliza ile karatasi.

Lilikuwa jiwe. Hakuna aliyelitupa, bila shaka, katika avenue hii mawe hujitupa yenyewe. Georgette alikaa chini pale kwenye matope, damu inashuka juu ya jicho la kulia. Binti yake Nyota anapiga yowe na watu wamesimama mbali, mbali kidogo, kiasi cha kuona vizuri. Nilimwingiza kwangu, nikamwosha, nikamfunga kitambaa changu kichwani. Jeraha refu kama kidole.

Nikafunga fundo. Kisha akasema, "Mwalimu, nilifanya vile ulisema. Unaweza kubaambia hivyo tu? Kwamba nilifanya vile ulisema?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu: "Nitapima tena kwanza. Tuwe na uhakika."

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

Ijumaa, 12 Novemba

Nimechoma bikarbonati ya soda kwenye sufuria kavu mpaka ikawa karbonati safi, kipimo ambacho hakidanganyi. Kwa mizani nilikwenda kwa Tonton Djafari, mzee wa Uvira anayenunua dhahabu. Mizani yake inatikisika hata ukipumua. Akanipimia unga wangu mweupe kwa ile koleo yake ndogo, akiwa ameshikilia pumzi.

"Mwalimu, hii haitaniletea matatizo?"

"Si yako, tonton. Ni yangu mwenyewe."

Nikarudi maabara, nikatumia matone ya mwisho ya rangi nyingine ya zamani, inayofaa karbonati. Asidi ya kabati ni 1,59. Uhakika ninao sasa. Nilikuwa nao tangu Jumanne.

Jumamosi, 13 Novemba

Mvua ilitupa nafasi ya saa moja. Uani kwa Papa Modeste walikaa watu labda sitini, wanaume kwenye mabenchi, sisi kwenye matofali. Georgette alikaa peke yake na kile kitambaa changu kichwani, kimeshakuwa cha kahawia. Bintu alisimama na mtoto mgongoni. Ngozi ya mtoto imeanza kupona.

Kabla Papa Modeste hajafungua mkutano nilisimama. Nilikuwa na bureti, kistendi chake, chupa, bidoni ya Georgette. Vijana wakacheka, mmoja akauliza kama nimekuja kuuza dawa ya minyoo. Nikawaambia wanyamaze kwa ile sauti ya darasani, na wengi wao nimewafundisha, wakanyamaza.

Nikawaonyesha. Soda yake ndani ya glasi, matone mawili, waridi. Asidi ya bureti, tone, tone, tone. Nilimwomba Bintu aje ashike kibomba yeye mwenyewe. Waridi ikapotea na wote wakasema "Eee!" pamoja. Nikawaeleza kwa maneno yasiyo ya shule kwamba soda yake ilikuwa kali, kwamba alijua ni kali, kwamba alinionya mbele ya chupa hii, na kwamba mimi nilimlazimisha kutia tano kwa sababu chupa yangu ilikuwa na jina la uongo na sikuipima.

"Hakuna sumu," nikasema. "Kuna hesabu mbaya. Ni yangu. Si ya mtu mwingine yeyote." Papa Zagabe alikuwa amesimama nyuma, kwenye lango, ameshika kofia. Sikumwangalia.

Halafu Bintu akaniuliza, "Kwa hiyo njo weye ulichoma mutoto yangu?"

"Ndiyo. Si yeye. Mimi."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Hakunipiga. Papa Modeste akashukuru Mungu kwa sauti kubwa, nikaona mabega yake yanashuka, akasema maneno yamekwisha, Maman Georgette ni mutu wa avenue kama sisi wote, na yule anayerusha mawe atajibu kwake mwenyewe. Watu wakaanza kuinuka. Wawili watatu wakaenda kumpa Georgette mkono. Mwanamke aliyepiga kelele kuliko wote bombani alimwambia, "Pole sana, maman, si unajua batu." Nami nilikuwa nimeanza kufunga bureti ndani ya taulo. Naandika ukweli: nilikuwa nimeanza kujisikia mwepesi.

Georgette akaja mpaka mbele yangu. Akauliza kwa sauti ya kawaida, lakini wale waliokuwa wanatoka walisimama.

"Mwalimu, ulijua siku gani?"

Ningeweza kusema jana. Mizani ya Djafari ilikuwa jana, na hakuna mtu ambaye angenikamata.

"Jumanne," nikasema.

Akahesabu kwa vidole vya mkono wake wa kulia, polepole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kwenye Alhamisi akasimamisha kidole.

"Basi ile jiwe iko yako."

"Ndiyo," nikasema. "Ni yangu."

Akafungua kitambaa kichwani, akakikunja mara nne, damu ndani, akaniwekea mkononi. Kisha akabeba bidoni yake akaenda nyumbani. Mvua ilikuwa imeanza tena, na sisi wengine tukabaki pale uani, kila mtu akingoja mwenzake atangulie kutoka.